Binti Aliyesomea Kucheza

Marekani, 3 Machi 1969

Shangazi yangu Saquina,

Shikamoo, na shikamoo ya pili, maana najua ya kwanza utaipokea umenuna kwamba nimechelewa kuandika. Mimi ni mzima. Kifua tu kinanisumbua kwa baridi ya huku, ambayo nikikueleza utasema nimejifunza uongo ugenini. Nisalimie Quiterajo nyumba kwa nyumba, ukianzia kwa jirani yako Bi Muaija, la sivyo atasusa.

Barua yako ya mwaka jana ilinifikia baada ya miezi mitano ikinuka papa mkavu. Nikajua Abacar bado anazificha barua zetu kwenye kikapu cha samaki akivuka kwenda Mtwara. Chini kabisa nikaukuta mstari wa baba, kama ilivyo desturi yake: "Mimi baba yako Anli nipo." Maneno matano, wala hayaongezeki. Usinikasirikie, Shangazi, lakini mstari huo huwa nausoma kwanza, kisha ndipo narudi juu kwako.

Naandika kwa herufi za Kiarabu ulizonifundisha mwenyewe chuoni kwako. Hata sipai, askari wa Mreno, akiikamata barua hii hataambulia kitu.

Masomo yanaendelea. Niko mwaka wa pili, nasoma mifupa, misuli na mambo ya akili za watu. Mengine nitakueleza baadaye.

Nimetia na picha. Hiyo nyeupe iliyolala chini si mchanga, ni theluji. Hao walio kwenye viti vya magurudumu ni wagonjwa wa hospitali tunayofanyia mazoezi. Mwonyeshe baba, umwambie binti yake anasimama wima.

Ukili wa mkeka ulionitumia, ule wa rangi nyekundu na zambarau, bado ninao. Nausuka nikikumbuka nyumbani.

Mwanao,
Latifa

Nyumbani, 20 Juni 1969

Mwanangu Latifa,

Marahaba zote mbili, na bado nimenuna. Mvua mwaka huu imetuhurumia, mihogo imekubali. Muaija amepata mjukuu, ana masikio makubwa kama babu yake, lakini usimwambie nimesema. Abacar ameoa mke wa pili. Yule mkubwa amehamia kwangu ili mume ajifunze adabu, na mimi nampikia vizuri asiwe na haraka ya kurudi.

Picha ilifika. Sasa haipo. Vitu hupotea, usiulize imepoteaje. Usitume nyingine. Narudia kama ninavyowarudia watoto chuoni: usitume nyingine.

Lakini kabla haijapotea niliitazama sana, na nina swali. Mkononi umeshika mpira, mkubwa kama boga. Daktari gani huyo anashika mpira? Muaija alicheka mpaka akakaa chini. "Saquina, binti yenu amekwenda kucheza!" Nikamjibu kwamba huo si mpira, ni chombo cha kupimia pumzi. Nimekutetea kwa uongo, mwanangu, na mimi ni mtu wa msahafu. Niambie ukweli nijue kama niendelee au nitubu.

Baba yako mzima. Leo hayupo, amekwenda Mbau kwa shughuli zake, ndiyo maana hukuti mstari wake hapa chini.

Shangazi yako,
Saquina

Marekani, 2 Septemba 1969

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mihogo imekubali. Mjukuu wa Bi Muaija Mungu amkuze, masikio atayajaza. Mke mkubwa wa Abacar mwambie namuunga mkono.

Sasa mpira. Ni mpira, Shangazi. Tubu.

Udaktari niliuacha mwezi Januari. Nasomea tiba kwa njia ya michezo na burudani. Usikunje uso kabla hujafika mwisho wa ukurasa. Ni shahada kamili ya chuo kikuu, miaka minne, na mifupa na misuli ninaisoma vilevile. Tofauti ni kwamba daktari akishamaliza kazi yake, ndipo sisi tunaanza.

Nikueleze ilivyokuwa. Hospitalini kuna sajini mmoja aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, mikono yote miwili imeungua. Ngozi ilipona, mifupa ilipona, lakini mwenyewe akawa anakaa ameelekea ukuta. Wauguzi walimlisha, wakamvisha, wakamfuta mdomo. Siku moja nilikaa karibu naye nikisuka ukili wako. Mawazo yangu yalikuwa huko nyumbani, nikaruka chane moja. Akageuza shingo. Sikujua kwa nini, nikaendelea kukosea. Mara ya tatu akanyoosha kidole kimoja kilichokakamaa, akakigusa palepale penye kosa. Kwa miezi mitano hakuwa amenyoosha kidole kwa jambo lolote. Kesho yake nikakosea kwa makusudi, na kesho kutwa pia, kisha nikaenda ofisini kuomba kubadilishiwa masomo.

Tunafundishwa kuchukua shughuli ndogo na kuikata vipande, ili mtu aliyeumia aanze na kipande anachokiweza. Mtihani wangu wa kwanza ulisema: eleza hatua za kutengeneza na kunywa kikombe cha chai. Niliandika hatua arubaini na tatu, nikalishinda darasa zima, kwa sababu wenzangu walisahau kupuliza.

Wakubwa wa Dar es Salaam walionileta huku walikasirika. Waliandika kwamba vita vya kumtoa Mreno vinataka madaktari, si wacheza mpira. Nikawajibu kwamba vita vitakapokwisha tutakuwa na watu wengi waliopona ambao hawajui waamke wafanye nini, na hao nao ni nchi. Kisha wakajibu neno moja: Soma.

Sikukuambia mapema kwa sababu niliogopa. Wakubwa sikuwaogopa, nilikuogopa wewe.

Mstari wa baba nimeukosa. Mwambie Mbau si mbali kiasi hicho.

Latifa

Nyumbani, 14 Desemba 1969

Latifa,

Marahaba. Idd imepita. Nilivaa kanga mpya nikatembea nayo na uso wa msibani, kwa ajili yako. Barua yako niliisoma mara moja nikaitia chini ya godoro, yenyewe ione haya.

Tulikutangaza daktari! Nilikutangaza mimi, kwa mdomo wangu, kwa wanawake wenzangu, kisimani, harusini, hata kwenye kuosha maiti. Kila mwenye jino bovu hapa anasema atamngoja Latifa. Sasa niwaambie nini? Kwamba mtoto wetu amevuka bahari kwenda kuhesabu hatua za chai? Chai nimeichemsha tangu sijavunja ungo, na hakuna aliyenipa shahada.

Tena ukakosea ukili wangu mbele ya wazungu. Hilo limeniuma kuliko mengine yote.

Wagonjwa tunajua kuwatunza, mwanangu, tusifundishwe. Hapa mtaani kuna mzee mmoja, humjui, mikono yake iliumia. Viganja vilivimba, vidole vikapinda, vikapona vimekakamaa hivyohivyo. Tangu Mei hajainua kijiko. Namlisha mwenyewe, yaani tunamlisha, kwa zamu. Tunamvisha kofia, tunamfunulia kurasa za msahafu. Akiwashwa anasema tu, tunamkuna. Nje hatoki, kwa sababu haifai mtu mzima alishwe kibarazani mbele ya wanaume wenzake, basi tunamtunzia heshima yake ndani. Watu wakipita wanasema, mzee huyu ana watu. Mimi nasikia nanyoosha shingo. Hiyo ndiyo tiba, na haihitaji mpira.

Baba yako anakusalimu. Wino ulikuwa kidogo, umeniishia mimi.

Nauliza tu, kwa ajili ya huyo mzee: vidole vya sajini wako vilianza kufunguka baada ya muda gani?

Saquina

Marekani, 19 Februari 1970

Shangazi yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa yote, pamoja na ukili. Mimi mzima, kifua kimepona. Umenigomba vizuri mpaka nikasikia harufu ya jiko lako. Endelea kunigomba, huku hakuna anayejua.

Nitakalosema sasa ni utovu wa adabu, kwa hiyo nalisema nikiwa nimepiga magoti. Huyo mzee mnamfunga. Mnamfunga kwa mapenzi, lakini amefungwa. Mkono usioitwa kazini haurudi. Najua kwetu mgonjwa hapewi kazi, nyumba nzima ingeona aibu. Nimelelewa hivyo na wewe. Hata sajini nilitaka kumshikia kikombe siku ya kwanza, mwalimu wangu akanipiga kofi mkononi.

Vidole vyake: wiki tatu kwa cha kwanza, miezi minne kushika kikombe. Sasa anacheza karata, tena ananiibia.

Kwa mzee wenu, msianze na kijiko. Kijiko kina aibu ndani yake. Kila asubuhi mfukieni viganja kwenye mchanga uliopata jua, mpaka vilegee. Kisha tafuteni jambo ambalo alikuwa akilifanya bila kuombwa, akilijua mpaka anawashwa akiona mwingine analiharibu. Liharibuni mbele yake. Akijaribu mwenyewe, msimsaidie, hata akihangaika. Akitukana, ni dalili njema.

Shangazi, barua mbili sasa hazina mstari wa baba. Simuulizi mtu. Ila ujue kwamba siku hizi nasomea hilohilo, kuangalia kile ambacho mtu ameacha kukifanya.

Huyo mzee nisiyemjua, mpe shikamoo yangu.

Latifa

Nyumbani, 24 Mei 1970

Latifa, mama yangu,

Marahaba. Leo salamu ni fupi. Kama umesimama, kaa.

Huyo mzee ni baba yako.

Picha yako hakuiweka ndani. Alitembea nayo kwenye mfuko wa kanzu, msikitini, sokoni, kila kibaraza. "Daktari wangu huyu." Nilimkataza. Akaniambia, "Saquina, nimekaa kimya miaka minne, niache nijisifu wiki moja." Wiki haikwisha. Herufi zetu Wareno hawajui kuzisoma, lakini picha hata sipai anaisoma. Serikali yao tulikuwa tumeiandikia kwamba umeolewa Lindi. Wakamchukua hadi posto, kwenye ofisi yao, wakamuuliza nani alikuvusha, nani analeta barua. Palmatória unaijua, kile kibao chenye matundu cha kupigia viganja. Walimpiga viganjani, kisha wakamgeuza mikono wakampiga vidoleni. Siku tatu.

Hakutaja jina hata moja. Abacar yuko hapa, analalamikia wake zake, kwa sababu kaka yangu hakutaja jina. Hili nakuandikia nikiwa nimenyoosha shingo, na wewe ulisome hivyohivyo.

Mbau hakwenda. Wino ulikuwepo. Aliniapisha nisikuambie, maana utasema ni picha yako. Si picha yako. Ni majivuno yake, na nusu ni yangu, kwa sababu nilimkataza huku natabasamu.

Barua yako nilikaa nayo siku nne nimevimba. Eti namfunga! Mimi! Siku ya tano nikaanza kujiuliza: Anli alikuwa akifanya nini bila kuombwa? Jibu unalijua. Matari. Tangu ujana wake, maulidi yakikaribia, yeye ndiye wa kuyapasha moto ngozi ikaze, akiligonga moja, akisikiliza, akishika jingine. Mwaka jana yalipashwa na wengine, yeye yuko ndani amejifunika shuka.

Basi nikaazima tari, nikawasha makaa mbele yake, nikaanza. Mwanamke, na tari, na moto wa kuchomea mihogo! Nikaligonga, likalia kama debe. Akageuza uso. Nikalisogeza zaidi motoni.

"Saquina, unalichoma."

Nikajitia hamnazo. Ngozi ikaanza kunuka.

"Saquina!"

Alilinyakua, Latifa. Kwa viganja vile vile, akalibana kifuani, akanitukana tusi ambalo sijalisikia tangu tulipokuwa tunagombea embe. Nikaingia jikoni nikalia, maana uliandika akitukana ni dalili njema.

Tangu siku hiyo ikawa mchanga asubuhi, makaa alasiri. Joto la moto likaingia kwenye ngozi ya tari na kwenye vidole pia. Maulidi ya juzi aliyapasha matari yote kumi na mawili. Na wakati wa kuanza, kijana aliyekaa nafasi yake akampelekea la kwanza, bila kuambiwa na mtu. Baba yako akalipiga kwa mgongo wa mkono, pigo moja la kufungulia. Huku upande wa wanawake nilipiga kigelegele kabla ya wakati wake. Muaija akaninong'oneza, "Nani alikufundisha tiba hii?" Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Binti yetu. Anasomea kucheza."

Lakini kijiko bado. Kijiko nimeshindwa mimi, si yeye. Akikigusa tu, mkono wangu unakwenda wenyewe. Siwezi kumuona kaka yangu akijimwagia uji kama mtoto mchanga.

Saquina

Marekani, 8 Agosti 1970

Shangazi,

Shikamoo. Nilikaa kama ulivyoniambia. Kisha nikasimama, nikakaa tena.

Nimelia kwa ajili ya ile picha, na nitaendelea kulia, hata ukinikataza. Lakini nimelisoma jina ambalo baba hakulitaja, na shingo nimeinyoosha. Darasani waliniuliza nina nini. Nikasema, ninaye baba.

Mwezi Juni mwakani namaliza, nikijaliwa. Ripoti yangu ya mwisho nimeiandika juu ya fundi wa matari wa pwani ambaye sikumtaja jina, na mtaalamu aliyemtibu nimemwita S. tu. Mwalimu wangu aliisoma yote akaniuliza huyo S. alisomea chuo gani. Nikamjibu kwamba yeye mwenyewe ndiye mwenye chuo.

Kuhusu kijiko sina dawa ya kitabuni. Hata sisi tunashindwa, kwa hiyo tunafundishana jambo moja: kalia mikono yako. Si maneno, Shangazi. Kaa juu yake kweli.

Latifa

Nyumbani, 9 Novemba 1970

Mwanangu Latifa,

Marahaba. Ramadhani imeingia na kumi la kwanza linakwisha. Mke mkubwa wa Abacar amerudi kwake, ameshinda. Mjukuu wa Muaija anatembea, na masikio bado yanamtangulia. Ndege zinapita juu yetu zaidi kuliko zamani, na siku nyingine tunalala shambani. Tuko salama, na sisemi zaidi.

Mtaalamu S. anamsalimu mwalimu wako. Mwambie chuo changu kina mkeka mmoja na wanafunzi ishirini na sita.

Sasa sikiliza. Mkeka mpya niliokuwa nausuka, wa rangi kama ukili niliokupa, niliumaliza Shaabani. Miezi saba ya vidole vyangu. Siku ya tatu ya mfungo nikautandika kibarazani kwa futari ya wanaume. Baba yako mwaka jana alifuturu ndani, kwa mkono wangu. Siku hiyo adhana ilipolia akainuka, akavaa kofia mwenyewe, upande, akatoka. Hakuniaga. Akakaa katikati ya wenzake na bakuli lake la uji kama wao.

Mimi nilikaa mlangoni, ndani ya pazia, nimekalia mikono yangu. Kweli nilikaa juu yake, mpaka ikafa ganzi. Kijiko cha kwanza kilianguka. Wenzake wakajitia hawaoni, wakaendelea na uji wao. Cha pili kilifika kidevuni. Cha tatu kikaingia mdomoni, na Abacar, mpumbavu yule, akasahau adabu akasema "Alhamdulillahi" kama amemaliza kula yeye. Baba yako akaendelea. Alikula bakuli zima, Latifa, giza limeshaingia na wenzake wameshaanza kutafuta viatu waende kuswali, wakamngoja. Nusu ya uji aliila, nusu aliimwaga kwenye mkeka wangu.

Kesho yake Muaija akaja na maji na majivu anisaidie kuufua. Nikamwambia akiugusa sitazungumza naye mpaka Idd. Doa limekauka, kubwa kama sahani, palepale kwenye nyekundu. Kila alasiri nautandika mbele ya nyumba, doa likitazama njia. Anayepita akiuliza, namweleza. Asiyeuliza, namwita.

Picha ya kuhitimu usilete. Iandike kwa maneno, nguo ulizovaa na waliokupigia makofi, nami nitaitangaza. Wa jino bovu nimeshawaambia watafute mwingine.

Hapa naachia kalamu. Inaombwa, na nimekalia mkono mmoja ili nisiishike naye.

Saquina

Mimi baba yako Anli nipo. Uji ulikuwa wa moto, Saquina hasemi.